Slaidi za Ujiji: namba 4 ni mtoto yupi?

Kazi za slaidi, zile picha za filamu zilizokatwa moja moja zikatiwa kwenye fremu ndogo, kwangu haziji mara nyingi, labda mara mbili kwa mwaka, maana riziki yangu ni paspoti saizi na harusi na kuprinti vitambulisho vya wanafunzi hapa Mwanga, Kigoma mjini. Kwa hiyo siku dada mmoja wa makamo alipoingia studio na boksi la viatu akaniambia humu kuna picha za marehemu baba, anataka ziingie kwenye flashi na moja itolewe kubwa ya kuweka ukutani, nilifurahi kabla hata sijafungua. Ile moja, alisema, ni yeye mwenyewe akiwa mchanga, kabebwa na mama yake ufukweni. Hana picha nyingine ya utotoni. Alishaiona kwa kuinyanyua dirishani, fremu ya karatasi imeandikwa namba 4.

Kilichofuata kimenichukua wiki tatu na kimenifundisha adabu, ndio maana naandika yote pamoja na ujinga wangu.

Baba yao alikuwa afisa uvuvi. Alisoma Marekani miaka miwili mwanzoni mwa sabini, akarudi na kamera na mikanda ya filamu pamoja na zile bahasha za Kodak ambazo unakuwa umeshalipia kabisa, ukimaliza mkanda unautia humo unapeleka posta, unasafishwa huko huko Marekani na kurudishwa ukiwa umekatwa kipande kipande, kila picha kwenye fremu yake. Ilikuwa lazima hivyo kwa sababu sehemu kubwa ni Kodachrome, filamu ya slaidi ya Kodak, na Kodachrome si filamu ya kusafisha chumba cha giza nyuma ya duka, rangi hazimo kwenye mkanda wenyewe, zinaingizwa wakati wa kusafisha kwa mitambo ya maabara maalumu. Ndio maana leo hata ukiokota mkanda ambao haujasafishwa rangi zake usizitegemee tena, maabara ya mwisho duniani ilikuwa kule Parsons, Kansas, ikaacha kupokea Desemba 2010.

Kwa vijana ambao hawajawahi kushika: slaidi si negativu. Negativu rangi zimegeuka, slaidi ukiiweka kwenye mwanga unaona picha kama ilivyo. Eneo la picha ni milimita 24 kwa 36, fremu ya nje ni kama sentimita 5 kila upande, na zamani unazipanga kwenye projekta mnatazama ukutani. Familia hii projekta haijawahi kuwepo. Yaani babu, nitamwita hivyo huyo marehemu baba yao, alipiga picha karibu miaka kumi na hakuna aliyewahi kuziona kubwa, walikuwa wanazishika juu dirishani basi.

Ndani ya boksi zilikuwa 214. Nilinusa kwanza. Ukikuta harufu ya siki, plastiki ya filamu yenyewe imeanza kuoza na hapo huna muda, hizi hazikunuka siki, zilinuka nyumba ya udongo na dagaa, maana boksi limekaa chini ya kitanda Ujiji zaidi ya miaka arobaini na ziwa liko pale pale. Unyevu huo umeleta kuvu. Ukiinamisha slaidi kwenye taa unaona kama utando wa buibui, vijimizizi vinatambaa juu ya picha.

Sasa hapa ndipo hasara ya kwanza, na haikuwa yangu. Wifi yake yule dada, kwa nia njema kabisa, aliambiwa picha zinapelekwa "kusafishwa" akaona aibu kuzipeleka chafu, akachukua kitambaa na maji akafuta kumi na moja. Zote kumi na moja zimeondoka. Picha kwenye filamu imekaa ndani ya jelatini, ule utando uliopakwa juu ya plastiki, kuvu inakula ile jelatini, na ikishaliwa inayeyuka kwenye maji kama sabuni, kwa hiyo ukipitisha kitambaa kibichi unafuta kuvu na picha pamoja, kinabaki kioo cheupe chenye michirizi ya zambarau. Nilimwambia dada asimgombeze. Neno lenyewe linadanganya, sisi wote tunasema kusafisha picha, na yeye kasafisha.

Mimi nilipuliza tu vumbi kwa mpira wa kupulizia lenzi, na zile zenye kuvu nzito nikagusa kwa pamba na spiriti. Lakini siyo spiriti ya duka la dawa aisee! Ile mara nyingi ni asilimia 70, zilizobaki ni maji, utarudi kule kule kwa wifi. Inatakiwa isopropili ya asilimia 99, na mjini hapa niliikuta kwa fundi simu, wao wanasafishia bodi. Jaribu kwenye kona ya slaidi isiyo na maana kwanza. Na kuvu haitoki yote, mizizi imeshachimba, ulichokifanya ni kuizuia isiendelee.

Hasara ya pili ni yangu mimi. Babu alikuwa mtu wa mpangilio, kila mkanda aliufunga kwa mpira wake, mafungu sita. Mipira ilikuwa imeyeyuka imeganda kwenye fremu, nikawa na haraka, nikaikwangua yote, nikamwaga slaidi mezani nizipange kwa ukubwa wa kuvu, safi huku chafu kule. Sikupiga picha boksi lilivyokuwa. Sikuandika kitu. Dakika kumi tu nimevunja mpangilio uliodumu tangu enzi za Nyerere, na wakati huo nilikuwa najiona fundi.

Kuhusu kupiga kwenyewe sitachosha watu. Sina skana ya filamu. Jamaa yangu wa Dar anayo, yenye ile taa ya infraredi ya kufuta vumbi yenyewe, ila nilishamsikia akilalamika kwamba ikipewa Kodachrome inachanganyikiwa, inaona picha ni vumbi inaila. Nilitumia kamera ya megapikseli 24 na lenzi ya makro ya kupigia vitu kwa karibu sana, imeinama chini kwenye stendi, slaidi juu ya mwanga. Mwanga wa kwanza nilitumia tableti, weka nyeupe tupu, nikakuta vijiraba vidogo kwenye kila picha, kumbe ni pikseli za kioo cha tableti zinaonekana nyuma ya filamu. Nikahamia taa ya LED ya harusi, juu yake plastiki nyeupe kama maziwa iliyoinuliwa sentimita kama tano ili mwanga ulainike. Taa hizi za bei rahisi zinapepesa, ukipiga kwa spidi kubwa unapata mistari ya giza, nikashuka mpaka 1/15 ya sekunde ikatulia, lakini 1/15 na malori yanayopita barabarani ni maadui, kila lori stendi inatetemeka. Nikawa nafanya usiku. Umeme ukikatika sijali, taa na kamera vyote betri. Kabla ya kuanza unapiga ule mwanga mtupu bila slaidi, ndio unakuwa nyeupe yako, na unapiga RAW, yaani faili ghafi la kamera, usipige JPEG ukasema utarekebisha.

Rangi ndiyo ilinivuruga kichwa. Mikanda miwili ilikuwa Ektachrome, filamu nyingine ya slaidi ya Kodak, hiyo imekuwa nyekundu nyekundu kama imechovywa kwenye juisi ya rozela, kwa sababu rangi ya samawati ndani yake imechuja na wekundu ukabaki. Inarekebishika, sio yote. Kodachrome ni kinyume, ikikaa gizani haichuji, miaka hamsini bado mgebuka anang'aa mgongo, ila ukiipiga kwa kamera inakuja na ubluu. Nikatoa ubluu. Nikanogewa. Kuna picha za ufukwe wa Kibirizi, dagaa wameanikwa mchangani, ng'ambo hakuna kitu, ukungu mtupu, nikavuta ile kitufe ya kuondoa ukungu mpaka ikatokea kama milima. Nikaona nimefanya kazi ya maana sana.

Wiki ya pili yule dada akaja na mdogo wake, mwalimu wa sekondari, pamoja na mama yao. Bibi huyu ana miaka sabini na kitu, macho yanamsumbua kidogo, akili iko palepale. Shikamoo bibi, marahaba mwanangu, nikamkalisha mbele ya kioo kikubwa. Akatazama dagaa wa Kibirizi akauliza, hii umepiga wewe? Hapana bibi, ni ya babu. Akasema, "Hiki ni kiangazi, dagaa wamejaa hivi na moshi wa kuchoma misitu umefunika, kiangazi Kongo haionekani. Hii milima umeitoa wapi?"

Sikuwa na jibu. Ni kweli, kila mtu wa hapa anajua, masika mvua ikiosha hewa unaihesabu milima ya Kongo, Julai mpaka Septemba hata mtumbwi wa mbali unapotea. Nikarudisha ukungu mahali pake. Na nashukuru nilifanya hivyo, maana baadaye ule ukungu ulikuwa ushahidi.

Tukafika namba 4. Mwanamke kijana amesimama ufukweni kabeba mtoto wa miezi minne mitano hivi, nyasi nyuma kijani. Dada akasema, mama ona, ni mimi. Bibi akanyamaza kidogo, halafu akasema sio wewe, ni kaka yako.

Nilikuwa sijui kama kuna kaka. Alikuwepo mtoto wa kwanza, wa kiume, kazaliwa Julai 1974, surua ikamchukua Machi 1975 akiwa na miezi minane. Dada yeye kazaliwa Agosti 1975. Ukiangalia umri, mtoto wa miezi minne mitano anaweza kuwa wa kwanza Desemba 1974 au wa pili Desemba 1975, na sura za watoto wachanga wa baba mmoja na mama mmoja ndio hizo hizo. Mwalimu akachukua slaidi akageuza, kwenye karatasi pamepigwa muhuri JAN 76. "Mama, umesahau tu. Tarehe hii hapa. Kaka alikuwa ameshafariki karibu mwaka." Alisema kwa upole lakini alikuwa na uhakika wa mwalimu. Bibi hakubishana. Alisema tu haya, kama imeandikwa. Wakaondoka.

Ile "kama imeandikwa" ilinikereketa usiku kucha, kwa sababu mimi najua ule muhuri ni wa nini. Kodak hawakuwa na namna ya kujua picha imepigwa lini! Wanagonga mwezi ambao mkanda umesafishwa. Mkanda ungeweza kukaa kwenye kamera hata mwaka, na huyu bwana filamu zake zilikuwa za kuhesabu, picha 36 anazinyoosha kama mtu anayekula muwa kwa wiki nzima. Halafu weka posta, Kigoma mpaka Dar kwa treni, Dar mpaka Marekani, mkanda uliosafishwa Januari 1976 ni vigumu sana uwe na picha ya Desemba, na Novemba penyewe ni kwa bahati. Novemba binti alikuwa na miezi mitatu. Kwa hiyo muhuri wa Mwalimu ulikuwa unamtetea bibi, sio kumpinga.

Lakini hiyo ni hesabu tu, nilitaka kitu cha kushika. Kwenye kona ya fremu kuna namba ya picha kwenye mkanda, 1 mpaka 36, kama namba 4 ni mtoto mkubwa na mbele kidogo mkanda huo huo una kichanga kipya, mambo yamekwisha. Na kichanga kipo, namba 33, bibi kalala kitandani na mtoto mwekundu wa siku chache, dirisha liko wazi na nje ukungu wa kiangazi. Sasa tatizo, mikanda yenye JAN 76 ilikuwa miwili, alituma pamoja. Kuna namba 4 mbili na namba 33 mbili, na nani alikwangua mipira akachanganya? Mimi.

Nilikaa siku mbili nazitazama. Kilichonisaidia ni uchafu. Kwenye slaidi kadhaa niliona mstari mwembamba sana, umenyooka, unapita kwa mlalo toka ukingo mpaka ukingo, karibu na theluthi ya juu, nilishaufuta kwenye picha kama ishirini nikidhani ni mkwaruzo wa kawaida. Nikarudi kwenye RAW. Mstari uko kimo kile kile kwenye kila picha iliyolala. Punje ya mchanga iliingia kwenye mdomo wa kikopo cha filamu, na kila babu alipovuta mkanda mbele punje ikachora, kuanzia namba 1 mpaka mwisho, na mkanda wa pili hauna kabisa. Nikatenga zenye mstari na zisizo nao, nikapata mafungu mawili ambayo namba hazijirudii hata moja. Namba 4 ya ufukweni ina mstari. Namba 33 ya kitandani ina mstari. Kati yao namba 17 milima ya Kongo inaonekana safi na namba 26 haionekani, yaani masika, kisha kiangazi, kisha kuzaliwa. Kama ningeendelea "kupendezesha" picha ningekuwa nimefuta mstari na ukungu vyote viwili.

Bado nilikuwa na kosa jingine ambalo sikulijua. Nilipiga slaidi nyingi upande wa utando wa picha ukiangalia kamera, ule ambao fremu imeandikwa uelekee kwenye skrini, ili nisipige kupitia plastiki. Ukifanya hivyo picha inatoka kama kwenye kioo, kushoto kulia, kwa hiyo kwenye kompyuta nikazigeuza zote kwa mpigo. Zote, hata zile chache nilizoziweka vinginevyo bila kukumbuka. Nilishtuka nilipofika picha ya meli bandarini ubavuni imeandikwa ABMEIL. Liemba hiyo, meli imejengwa Papenburg Ujerumani 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924, haijawahi kusomeka hivyo. Nikaanza kukagua moja moja kwa kutafuta maandishi, kibao cha duka, saa ya mkononi, na kanga.

Kanga ya namba 4. Nilishaitazama mara hamsini. Ukivuta mpaka mwisho maneno yanaonekana chini ya mkono wa bibi, na mimi nilikuwa nimeyapita kwa sababu herufi zilionekana sawa. Zilionekana sawa kwa kuwa karibu zote ni za kufanana pande mbili, W, M, A, H, U, O, I ukizigeuza hazibadiliki, E na Z tu ndizo zilikuwa zimepinda vibaya. Nikageuza picha. WEMA HAUOZI.

Nikawapigia simu waje, na nikamwomba Mwalimu aje pia. Sikuanza na mkwaruzo wala posta, nilimwekea bibi picha ikiwa imenyooka nikavuta kwenye kanga, nikamsomea. Hakuangalia mtoto tena. Alisema, "Hiyo ndiyo niliyombebea kwenda naye hospitali. Niliporudi sikuivaa tena, nikampa wifi yangu akaenda nayo Kasulu." Maana yake kufikia Agosti kanga hiyo haikuwa tena Ujiji.

Mwalimu aliomba nimwonyeshe ule mstari, nikamwonyesha, akahesabu mwenyewe namba moja moja mezani, akachukua kama nusu saa, halafu akamwambia mama yake nisamehe mama. Bibi akamwambia kaa unywe soda.

Dada ndiye nilimwonea huruma. Amekuja kuchukua picha yake pekee ya utoto akakuta si yake. Nikamfungulia namba 33. Kuvu imekula kona ya chini na sikuigusa, iko mbali na uso wake. Alikaa nayo muda akasema kumbe nilikuwa mwekundu hivi.

Nilitoa mbili kubwa, zote saizi moja. Faili nimeyapanga kwa mkanda na namba, nimepiga picha pia fremu zenyewe mbele na nyuma, mihuri yote, kitu ambacho ningepaswa kukifanya siku ya kwanza. RAW na TIFF ziko kwenye diski mbili, moja kwao moja kwangu, JPEG kwenye flashi. Slaidi zenyewe nimezirudisha zikiwa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kukaza na vifuko vile vinavyonyonya unyevu, nikawaambia ndoo ikae juu ya kabati, sio chini ya kitanda. Zile kumi na moja walitaka kuzitupa, nikawaomba wasitupe, fremu zake bado zina namba na ndizo zinaziba mapengo. Tatu sijazipatia mkanda mpaka leo, muhuri umefutika na hazina mstari.

Siku ya kuchukua dada aliuliza faili ya namba 4 inaitwaje. Nilikuwa nimeipa jina lake tangu siku ya kwanza, sikukumbuka kubadilisha. Akaomba kibodi, akafuta herufi moja moja, akaandika la kaka yake.